Pumzi ya Pepe

Mbwa wetu hawezi kupanda ndege. Mashirika mengi ya ndege hayakubali kumbeba mbwa wa aina yake kwenye sehemu ya mizigo, kwa sababu mbwa wenye pua fupi wamekuwa wakifa humo kuliko wengine. Hewa huko chini ipo. Shida ni kwamba mbwa hawa wakishikwa na hofu au joto, pua na koo zao haziwezi kuivuta ya kutosha. Na kwenye viti vya abiria, mashirika yanayoruhusu wanyama huweka kikomo cha kama kilo 8, mnyama pamoja na mkoba wake. Pepe ana kilo 9 bila mkoba. Kwa hesabu hiyo ndogo, pagi jike aliyenunuliwa Nairobi mwaka 2018 na familia ya Kiholanzi amekuwa mbwa wa nyumba yetu, Moshono, Arusha, tangu mwaka 2021.

Mama alikuwa akifanya kazi kwa familia hiyo kule Njiro. Alipika, alifua, alilea watoto wawili. Pepe alipoletwa, bado mdogo wa kukaa kiganjani na tayari ana uso wa mzee aliyedhulumiwa shamba, naye akaongezwa kwenye orodha ya kazi. Watoto walimpa jina la Pepernoot, kibiskuti cha viungo, kidogo na cha duara, ambacho Waholanzi hula kuelekea sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi. Mama alijaribu kulitamka kwa wiki nzima, kisha akalikata: Pepe.

Mkataba wa baba mwenye nyumba ulipokwisha, walianza kumwandalia Pepe safari. Mbwa anayetoka nchi kama yetu kuingia Umoja wa Ulaya huwekwa kichipu cha utambulisho chini ya ngozi, huchanjwa kichaa cha mbwa, husubiri siku 30, hutolewa damu ili kinga ipimwe, kisha husubiri miezi 3 mingine ndipo asafiri. Walifanya yote. Faili la Pepe likawa nene kuliko la kwangu la mkopo wa chuo. Ndipo wakala wa tiketi alipouliza ni mbwa wa aina gani.

Siku walipomwomba Mama abaki naye, mimi sikuwepo. Alinisimulia jioni, viatu bado miguuni. "Watoto wanalia, yule mama analia. Mbwa mwenyewe amelala chini ya meza anakoroma. Nami nimesimama pale nawaza, kazi yangu imeisha, na hawa wananiaga kwa kunipa kazi nyingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mitatu alilipwa kumtunza Pepe. Kuanzia Jumatatu iliyofuata angemtunza bila mshahara. Walimwachia kiinua mgongo, magunia mawili ya chakula cha dukani, faili, na mbwa.

*

Babu, mzazi wa Mama, anaishi Akheri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Maisha yake yote amefuga mbwa. Mbwa wake walilala nje, walikula ugali wa dona na mabaki, walifukuza fisi na wezi, na walikufa bila mtu kuandika tarehe. Tulipompeleka Pepe kumsalimia, Babu aliitikia shikamoo zetu, akamtazama mgeni akihangaika kupanda kizingiti cha mlango, akauliza: "Kazi yake nini?"

Hakuna aliyejibu. Pepe alipanda hatimaye, akajilaza juu ya mguu wa Babu, na katika dakika moja akawa anakoroma. Babu hakuusogeza mguu. Lakini swali lake lilirudi nasi mjini, likakaa nyumbani kama mgeni asiyeaga.

Mtaani walikuwa na maswali yao. Watoto walimwita kinguruwe kwa sababu ya mlio anaoutoa akifurahi. Wakubwa walitaka kujua tunamlisha nini, na tulipowajibu walitikisa kichwa. Jirani yetu wa ukuta mmoja, bibi wa Kiislamu anayeshika dini yake sawasawa, alikuja siku ya pili kuzungumza na Mama. Mate ya mbwa kwake ni najisi inayohitaji kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Walielewana bila kelele: yeye akija, Pepe anafungiwa chumbani, na kiti kimoja sebuleni ni chake peke yake, mbwa hakikaribii. Mpaka leo mpango huo haujavunjwa. Ila kuna jambo ambalo bibi huyo hakulitarajia. Ukuta ule ni mwembamba, na kukoroma kwa Pepe kunapita. Baada ya miezi michache akaanza kumwita Mama alfajiri kupitia dirishani: "Mama, leo simsikii. Yuko salama?"

Nilitambua wakati huo kwamba mtaa mzima unaijua pumzi ya mbwa huyu. Mbwa wengine hupumua bila mtu kuwasikia.

*

Utunzaji wa pagi huanza asubuhi saa kumi na mbili na kitambaa. Mama alikata khanga ya zamani vipande vipande, kwa kuwa khanga iliyofuliwa miaka kumi haina makali hata kidogo. Kipande kimoja huloweshwa maji ya uvuguvugu, cha pili ni cha kukaushia, cha tatu ni cha macho na hakigusi pengine popote. Anaanza na mkunjo mkubwa wa juu ya pua, ule unaofanya watu waseme mbwa huyu amenuna. Ndani ya mkunjo huo hukusanyika machozi, vumbi na chembe za chakula. Usipofutwa siku mbili tatu, hutoa harufu ya maziwa yaliyochacha. Ukiachwa zaidi, ngozi huwa nyekundu, kisha hufanya kidonda. Kufuta hakutoshi, lazima ukaushe, maana unyevu ndio unaolea uchafu. Halafu mikunjo ya mashavu. Halafu chini ya mkia, pale unapojikunja juu ya mgongo kama andazi la kusokota.

Macho yanahitaji mwanga. Mama humpeleka dirishani, humwinua kidevu, huangalia jicho moja baada ya jingine. Mbwa mwenye pua ndefu akiingiza uso kwenye majani, pua hutangulia. Pagi hutanguliza macho, na macho yenyewe yametoka nje ya matundu yake kuliko inavyofaa. Mwiba mmoja, unyasi mmoja, na konea inakuwa na kidonda. Kanuni ya Mama ni moja: akifumba jicho hata kidogo, tunakwenda kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama nyumbani kuna wageni.

Kisha chakula. Magunia ya dukani yalipokwisha, Mama alikaa na daktari wa mifugo wakapanga chakula cha kupika: wali, nyama isiyo na mafuta, karoti, dagaa waliochambuliwa chumvi, pamoja na unga wa madini na vitamini ambao daktari alisisitiza usikosekane. Kitunguu hakitiwi, kwa sababu huharibu damu ya mbwa. Hupimwa kwa kikombe cha chai, hakuna nyongeza, hata Pepe akikaa mbele ya sahani yako kwa ule uso wake. Pagi ni mlafi kwa kuzaliwa, na kila nusu kilo ya mafuta inayoongezeka shingoni na kifuani inabana njia ambayo tayari ni nyembamba. Kila mwisho wa mwezi tunakwenda kumpima kwenye mzani wa duka la nafaka. Muuzaji amekwisha kuzoea. Huuliza kwa sauti ya biashara, "Huyu nae ni wa rejareja au wa jumla?"

Kamba yake hufungwa kwenye mkanda wa kifuani, kamwe si shingoni. Matembezi ni kabla jua halijapanda au baada ya kutua. Akishikwa na ile chafya ya kuvuta hewa ndani, inayomtikisa mwili mzima na kuwatisha wageni, Mama humpapasa koo taratibu na kumsemesha mpaka ipite. Usiku hulala ameegemeza kidevu kwenye kandambili ya Mama. Wanaomwona husema anampenda mno. Anampenda, ndiyo, lakini daktari alitueleza kwamba mbwa wengi wenye pua fupi hulala kidevu kikiwa juu ya kitu, au hata wamekaa kitako, kwa sababu shingo ikilala chini njia ya hewa hujifunga. Kandambili ni mto, na pia ni kifaa cha kupumulia.

*

"Nani alimkata pua?" Mama aliniuliza siku moja, akiwa na kitambaa mkononi. Hakuwa akitania. Alikuwa amemfuta kwa miaka minne na bado hakuelewa ilikuwaje Mungu amuumbe mbwa halafu asahau kumalizia uso.

Nilianza kusoma ili nimjibu. Pagi ni mbwa wa kale wa Uchina, aliyefugwa katika nyumba za watawala, mdogo wa kutosha kukaa mapajani. Katika karne ya 16 na ya 17 alifika Ulaya kwa meli za wafanyabiashara, na Uholanzi ikampokea kuliko nchi nyingine. Huko humwita mopshond, jina linalohusishwa na neno lao la kununa na kunung'unika. Akawa mbwa wa jamaa ya kifalme ya Orange. Hadithi mashuhuri yao husema kwamba mwaka 1572 mbwa mdogo wa William wa Orange alimwamsha bwana wake usiku, maadui walipokuwa wameingia kambini, akamwokoa. Kwenye kaburi la William mjini Delft, mbwa amechongwa amelala miguuni pake. Nilipomwonyesha Babu picha hiyo kwenye simu, aliitazama kwa muda mrefu. "Basi aliwahi kuwa na kazi," alisema.

Lakini picha iliyomjibu Mama ilikuwa nyingine. Mwaka 1745 mchoraji Mwingereza, William Hogarth, alijichora akiwa na pagi wake, ambaye jina lake, huwezi kuamini, lilikuwa Trump. Nilimweka Pepe kando ya simu. Mbwa wa kwenye picha ana mikunjo usoni na macho makubwa, lakini ana pua. Imechomoza mbele, ya kushika harufu na kuvuta hewa. Miguu yake ni mirefu. Mama aliitazama picha, akamtazama Pepe, akarudi kwenye picha.

"Kwa hiyo alikuwa nayo," alisema.

Alikuwa nayo. Hakukatwa kwa kisu. Kizazi baada ya kizazi, na hasa tangu maonyesho ya mbwa yalipoanza huko Ulaya katika karne ya 19, watu walichagua wenye uso bapa zaidi wakawazalisha na wenye uso bapa zaidi, kwa kuwa uso bapa wenye macho makubwa na paji pana unafanana na wa mtoto mchanga, na sisi binadamu tukiona uso wa mtoto mchanga mikono hufunguka yenyewe. Mfupa wa pua ulipungua, lakini nyama iliyokuwa ndani yake haikupungua kwa kadiri hiyo. Kaakaa laini lilibaki refu, likawa linaning'inia kooni kama pazia lililozidi dirisha. Matundu ya pua yakawa nyufa. Meno 42, idadi ile ile ya kila mbwa mzima, yakabanana kwenye taya la kiganja kimoja. Na ngozi iliyokosa mfupa wa kuifunika ikajikunja, tukaisifu.

Mwaka 2022 watafiti wa Royal Veterinary College, chuo cha tiba ya wanyama cha London, walilinganisha kumbukumbu za matibabu za pagi zaidi ya 4,000 na za mbwa wa aina nyingine zaidi ya 21,000. Uwezekano wa pagi kupatikana na ugonjwa wa njia ya hewa unaotokana na pua fupi ulikuwa mara 54 ya ule wa mbwa wengine. Vidonda vya macho, mara 13. Maambukizo ya mikunjo ya ngozi, mara 11. Hitimisho lao lilikuwa kwamba, kwa upande wa afya, pagi hawezi tena kuhesabiwa kuwa mbwa wa kawaida. Nilimtafsiria Mama sentensi hiyo. Alinyamaza, kisha akasema kwamba yeye angewaambia hivyo bila kwenda London.

Kuna jambo jingine nililolisoma ambalo lilinikalisha kimya. Uholanzi, nchi iliyompenda pagi kuliko nyingine zote, ina kanuni ya tangu 2014 inayokataza kuzalisha wanyama kwa namna inayowadhuru, na mwaka 2019 serikali ilitoa vigezo vya kuipima kwa mbwa wenye pua fupi: mbwa ambaye urefu wa pua yake haufikii kama theluthi moja ya urefu wa fuvu lake hatakiwi kuzalishwa. Nilichukua rula. Pua ya Pepe, kutoka kwenye mkunjo hadi ncha, haifiki sentimita mbili.

*

Arusha iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na watu wa pwani hutuambia hatujui joto. Pepe analijua. Mbwa hana jasho la kumfaa. Hupoza mwili kwa kuhema ulimi ukiwa nje, hewa ikipita haraka juu ya unyevu wa kinywa na pua. Mwenye njia nyembamba akihema kwa nguvu, misuli ya kuhema inaongeza joto, koo linavimba, njia inazidi kuwa nyembamba. Ni mduara.

Februari ya mwaka juzi, mchana, umeme ulikatika na feni ikasimama. Pepe alikuwa ndani, kivulini, hajatembea popote. Mlio wake ukabadilika kutoka mkoromo kwenda kama msumeno wa mbali, na ulimi ukaanza kugeuka kutoka waridi kwenda zambarau. Nilimpigia daktari simu nikitaka kukimbilia kwake na bodaboda. Alisema: poza kwanza, safirisha baadaye. Maji ya bomba, mwilini kote, na upepo. Usimfunike taulo la maji, litashika joto. Usimlazimishe kunywa.

Mama alishusha ungo kutoka ukutani, ule wa kupepetea mchele, akaanza kumpepea. Mimi nilimwagia maji kwa kopo. Jirani yetu alisikia, akaja, akasimama kwenye mlango ambao kwa miaka alikuwa haingii mbwa akiwa hajafungiwa. Akatazama. Akarudi kwake, akaleta ungo wake, akasimama upande wa pili, mbali kidogo ili maji yasimrukie, naye akapepea. Wanawake wawili wa zaidi ya miaka hamsini, nyungo mbili, mbwa mmoja sakafuni. Ilichukua dakika ishirini ulimi kurudi rangi. "Ndiyo maana mkamwita Pepe," alisema bibi yule akijifuta jasho. Ungo wake hakuurudisha nyumbani. Alisema tubaki nao, umeme utakatika tena.

*

Mwaka huo huo alikuja mtu mwenye pagi dume. Alikuwa kijana mpole, amevaa vizuri, amemwona Pepe kwa daktari. Alitaka wamkutanishe na dume wake. Alieleza kwa heshima, akimwita Mama "mama yangu": watoto wanne, pengine watano, kila mmoja ananunuliwa kwa laki kadhaa na wateja wako tayari, Dar es Salaam na Nairobi. Wagawane nusu kwa nusu.

Wakati huo Mama alikuwa akifua nguo za watu kwa siku, na mdogo wangu alikuwa amepata nafasi ya chuo ambayo ada yake hatukuwa nayo. Hesabu haikuhitaji kalamu. Watoto wawili wa Pepe wangelipa mwaka mzima. Mdogo wangu alijua, nami nilijua, na kwa siku tatu hakuna aliyemtazama mwenzake usoni wakati wa kula.

Ningependa kuandika kwamba makala zangu za London ndizo zilizoamua. Siyo. Mama alikwenda kwa daktari peke yake na kumuuliza swali moja: atazaaje? Daktari alimweleza kwamba vichwa vya watoto wa pagi ni vikubwa na nyonga za mama zao ni nyembamba, kwa hiyo wengi huzaa kwa upasuaji. Kwamba dawa ya usingizi yenyewe ni hatari zaidi kwa mbwa mwenye koo kama la Pepe. Kwamba baba na mama wote wakiwa na pua hizo, watoto nao watakuwa nazo.

Mama alirudi, akavua viatu, akatuita. "Mdogo wenu nilimzaa kwa kisu," alisema. "Nilikubali kwa sababu nje kulikuwa na mtoto wa kuja kuishi. Sitampasua huyu nizae watoto wa kuja kuhangaika na hewa, halafu niwauze, nile ada." Akamgeukia mdogo wangu. "Wewe utasoma. Sijui kwa nini, lakini utasoma. Siyo kwa hii."

Kisha akafanya jambo ambalo bado linanishangaza. Alirekodi ujumbe wa sauti kwenda Uholanzi. Hakuomba kwa sauti ya kuomba. Aliwaambia kwamba Pepe anahitaji kufungwa kizazi na kupanuliwa matundu ya pua, kwamba vyote vinaweza kufanyika kwa usingizi mmoja, kwamba gharama ni hii, na kwamba wao walimnunua kwa ajili ya uso ule, kwa hiyo uso ule wanausaidia kuulipia. Nilitaka kumshauri alainishe maneno. Aliyatuma kabla sijafungua mdomo. Fedha zilifika kesho yake, zote, pamoja na ujumbe mfupi usio na hoja yoyote ndani yake, ila asante.

Daktari alitueleza mapema kwamba saa ya hatari kwa mbwa hawa ni ile ya kuamka: mpira wa hewa ukitolewa kooni mapema, kaakaa linaweza kuziba. Kwa hiyo baada ya upasuaji aliketi sakafuni kando ya Pepe na kuuacha mpira palepale, tukingoja. Pepe alifumbua macho. Daktari hakuutoa. Alianza kumeza, kisha kuutafuna, akionekana kukerwa na dunia nzima, ndipo ukatolewa. Alivuta pumzi kwa matundu mapya, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sikuisikia.

Kaakaa halikuguswa, upasuaji huo ni wa hospitali kubwa zaidi na fedha nyingi zaidi. Pepe bado anakoroma, lakini kwa sauti ya chini. Jirani yetu ililazimu aambiwe, maana alfajiri ya kwanza alikuja kugonga.

*

Babu hajaacha swali lake. Tulipokwenda Akheri baada ya kidonda kupona, alisema tena, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo, "Sasa mbwa wenu kazi yake nini?" Mama alimjibu safari hii. Alisema kazi yake ni kukaa na watu. Aliumbiwa hiyo, na anaifanya usiku na mchana bila likizo, kwa mwili ambao watu hao hao waliuharibu ili awapendeze. Babu alifikiri. "Basi anadai," alisema.

Marafiki zangu hunitumia video za pagi waliovikwa sweta, wakiwa wamelala kitako, ndimi nje, na kuniuliza nawezaje kuwatafutia mmoja. Siku hizi huwa nawatumia sauti ya Pepe akiwa usingizini, kisha nawaambia wamtafute mbwa mzima ambaye tayari anahitaji nyumba, au waende wachukue mtoto mmoja wa mbwa wa mtaani, mwenye pua ya kutosha, wamchanje. Wachache hukasirika. Wengine huniuliza kama simpendi Pepe. Nampenda. Ndiyo sababu simwagizi mwingine.

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili. Ada inalipwa kwa mafungu, na fungu la muhula huu limechelewa.

Yule kijana mwenye dume alipata jike mwingine, mjini. Walizaliwa watoto wanne, kwa upasuaji, wawili walipona. Mmoja alinunuliwa na dada mmoja anayefanya kazi benki, ambaye wiki ya pili alikwenda kwa daktari na mbwa mwenye kidonda kwenye mkunjo wa pua. Daktari alimpa dawa, na namba ya simu ya Mama.

Sasa huja kila Jumamosi asubuhi. Hukaa kwenye stuli, mbwa wake mapajani, na Mama humfundisha: hiki cha maji, hiki cha kukausha, hiki cha macho. Mara ya kwanza dada huyo alileta taulo jipya la dukani, jeupe, la bei. Mama alilipapasa kwa vidole, akasema ni kali mno kwa uso kama ule, akaingia chumbani, akatoka na khanga nyingine ya zamani na mkasi.